MVUA YA REDIONI NA MVUA YA SHAMBANI

Huku kwetu Masasi joto tu ndilo linatumaliza. Ni ule wakati wa mwaka ambao mtu akikusalimia, kabla hata hajakuuliza hali ya watoto, ameshanyanyua shingo kuangalia juu. Wingu likipita upande wa mlima Mkomaindo watu wanasimama barabarani kama wanaangalia harusi ya tajiri. Likishapita bila kudondosha hata tone, kila mtu anarudi kwenye shughuli zake akisonya. Na anayesonywa siyo wingu, ni mtu wa redio.

Wiki hii nimeamua kuweka pembeni mambo ya mapenzi na fitina za uswahilini (mnaosubiri mkasa wa bwana harusi wa Chikundi, vuteni subira) tuzungumze hili la utabiri wa hali ya hewa. Juzi kijiweni kwetu hapa Mkuti nusura watu watoane ngeu. Jamaa mmoja kapanda mahindi ekari mbili kwa kuwa kasikia redioni kwamba Mtwara kutakuwa na mvua. Mvua kweli ikanyesha, lakini ikanyesha Newala. Masasi vumbi tupu. Akasimama mbele ya baraza akatangaza kuwa hawa watu wa hali ya hewa ni wapiga ramli waliovaa tai, hawana tofauti na wale wanaobandika matangazo yao kwenye nguzo za umeme. Mzee mmoja akamjibu taratibu: "Sasa wewe ulitaka redio ikutajie na jina la shamba lako?" Hapo ndipo soo lilipoanza.

Watu walicheka, lakini mimi jibu la yule mzee limenikaa kichwani. Maana ukweli ni kwamba ndicho hasa tunachotaka. Tunataka redio ituambie shamba la fulani, njia ya Lulindi, Jumamosi saa tisa alasiri, mvua ya kutosha kulowesha jembe zima. Redio yenyewe inasema "Mikoa ya Lindi na Mtwara." Hebu pima mwenyewe umbali wa kutoka Msimbati baharini mpaka kwetu Masasi, uniambie kama hiyo ni sehemu moja.

Kwa msomaji wa Dar, ambaye mvua kwake ni suala la mwavuli na foleni, ngoja nikueleze kwa nini watu wazima wanakunjana mashati kwa ajili ya wingu. Huku kusini hatuna vuli na masika kama ninyi. Tuna msimu mmoja tu, unaanza Novemba na kuishia Aprili, basi. Mahindi, mtama, mbaazi, choroko, njugumawe, vyote vinasubiri mlango huo huo. Kibaya ni kwamba mlango wenyewe una tabia ya kufunguka kidogo na kujifunga tena. Inanyesha siku mbili za nguvu, mchanga unalowa, vyura wanapiga kelele, kumbikumbi wanatoka, watoto wanawakimbiza na ndoo, na kesho yake mji mzima uko shamba. Halafu jua wiki tatu. Mbegu imeshaota, ina majani mawili, inakauka unaiona kwa macho.

Mjomba wangu yalimkuta hayo msimu mmoja. Alinunua mbegu ya dukani, siyo ile ya kuchagua kwenye dari, akapanda kwa mvua ya kwanza. Wiki mbili na nusu baadaye alikuwa anang'oa mabua makavu kama njiti za kiberiti. Ikabidi auze mbuzi wawili anunue mbegu upya. Jirani yake, mtu mwoga wa maisha, hakupanda mvua ile ya kwanza wala ya pili, akawa anasubiri "mvua ya uhakika". Alipokuja kupanda wenzake walikuwa wanapalilia mara ya pili, na mahindi yake yakaishiwa mvua yakiwa bado yanabeba. Yaani aliyewahi kapata hasara, na aliyechelewa kapata hasara. Baina yao kulikuwa na siku kama ishirini tu, na hakuna aliyejua ni ipi.

Sasa ongeza korosho hapo. Novemba hiyo hiyo korosho bado zinadondoka chini ya mikorosho. Korosho iliyolowa na isiyokaushwa vizuri inaharibika rangi, na ukiifikisha ghalani inaweza kushushwa daraja au ukarudishwa nayo nyumbani ukaianike upya. Kwa hiyo katika nyumba moja, kitanda kimoja, mke anaomba mvua ije apande na mume anaomba mvua ichelewe amalize kuokota. Nawajua wana ndoa hapa ambao mwezi wa kumi na moja hawasemeshani. Wingu likitanda, mmoja anatabasamu na mwingine anakimbilia turubai. Na kama mwaka wenyewe ni wa ukapa (sisi watu wa Masasi tunalitamka neno hilo kwa adabu, marehemu Mzee Mkapa alikuwa wa kwetu, Lupaso), basi tone moja la mvua lisilotarajiwa linaweza kuamua kama mtoto atarudi shule Januari au atabaki kuchunga mbuzi.

Ndiyo maana nasema hili siyo jambo la kutaniana tu barazani.

Tuje kwa hao wanaotukanwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ilianza kama idara ya serikali, ikawa wakala mwaka 1999, na mwaka 2019 ikatungiwa sheria ikawa mamlaka kamili. Kila jioni wanatoa utabiri wao. Naomba siku moja usisikilize huku unakuna nazi au unagombana na mtu, ukae utulie usikilize maneno yenyewe. Utasikia hivi: hali ya mawingu kiasi, mvua na ngurumo katika maeneo machache, na vipindi vya jua. Umesikia hapo? Maeneo machache. Hawakusema kila mahali, wala hawakusema Masasi. Wamesema katika eneo lote hili kubwa, sehemu chache zitapata. Jamaa yetu wa kijiweni yeye alisikia neno moja tu, "mvua", na akaenda nalo shamba.

Neno "machache" lilipotelea wapi? Linapotelea njiani. Mtaalamu anaandika maneno yake kwa tahadhari. Mtangazaji ana dakika mbili kabla ya muziki, anafupisha. Mama ntilie anasikia nusu kwa sababu mafuta yanalia kwenye kikaango, anamwambia mteja "kesho mvua". Mteja ni bodaboda, anaifikisha mpaka Lukuledi. Jioni habari ikirudi hapa imeshakuwa "wamesema kesho mvua kubwa mkoa mzima, msianike kitu". Wasiwasi wa mtaalamu umedondoka wote barabarani, imebaki ahadi. Na ahadi isipotimia, anayelaumiwa ni mtu ambaye hakuahidi.

Hata zile tahadhari zenyewe za TMA, zile za rangi ya njano, chungwa na nyekundu, huwa zina mstari unaosema uwezekano wa kutokea: wastani. Huo mstari ndio roho ya taarifa, lakini sijawahi kumsikia mtu wa kijiweni akiurudia. Uwezekano kwa lugha yetu ni hivi. Chukua siku kumi zinazofanana na kesho, mawingu hayo hayo, upepo huo huo. Kama mtaalamu anaamini sita kati ya hizo zitanyesha, atakwambia uwezekano ni asilimia sitini. Kesho yako inaweza kuwa moja ya zile nne. Hapo mtaalamu hajakosea, na wewe hujalowa. Anayecheza karata anaelewa jambo hili haraka kuliko wote.

Wapo watakaouliza: mbona wana mashine, wana satelaiti, hata rada ya hali ya hewa ipo Mtwara, wanashindwaje kujua wingu linakwenda wapi? Swali zuri. Kompyuta zinazopiga hesabu za hali ya hewa huigawa dunia katika miraba kama daftari la hesabu. Katika zile kubwa zinazohesabu dunia nzima, mraba mmoja unaweza kuwa na upande wa kilomita kumi au zaidi. Mvua yetu ya Novemba na Desemba, ile ya radi na kishindo, mara nyingi inatoka kwenye wingu moja lenye upana wa kilomita chache tu. Inaweza kunyesha Mtandi ukasikia bati zinalia, na hapa Mkuti ukaendelea kucheza bao. Kwa kompyuta Mkuti na Mtandi ni nukta moja. Rada nayo inaliona wingu likishazaliwa. Haikuonyeshi litakalozaliwa kesho kutwa.

Halafu kuna suala la mlima na bonde. Newala iko juu ya uwanda wa Wamakonde, sisi tuko chini yake upande wa bara. Upepo wa baharini ukiupanda ule uwanda unapoa, unyevu unageuka ukungu na manyunyu. Aliyewahi kusimama Shimo la Mungu pale Newala asubuhi na kuangalia chini kuelekea Ruvuma anajua, siku nyingine unaona Msumbiji yote, siku nyingine huoni hata vidole vya miguu yako. Mjerumani mmoja, Karl Weule, alikuja huku mwaka 1906 kuchunguza mila, akapita Masasi na kukaa Newala, na aliandika juu ya baridi na upepo wa kule juu kama mtu aliyetegemea Afrika yote ni joto. Umbali wa kutoka hapa mpaka kule ni wa kwenda asubuhi na kurudi jioni, lakini mbingu ni mbili tofauti. Redio inazitaja kwa jina moja la mkoa.

Na hata ukiwa na kompyuta kubwa kuliko zote, kuna kikomo. Mwaka 1961 kule Marekani, katika chuo cha MIT, mtaalamu Edward Lorenz alikuwa na mashine iliyoiga mwenendo wa hali ya hewa. Akataka kurudia hesabu moja ya nyuma. Kwenye karatasi namba iliandikwa 0.506, akaiingiza hivyo hivyo. Ndani ya mashine namba kamili ilikuwa 0.506127. Akaenda zake kunywa kahawa. Aliporudi akakuta hali ya hewa mpya kabisa, haina uhusiano na ile ya mwanzo, utadhani ni ya nchi nyingine. Tofauti ndogo kiasi hicho, ndogo kuliko kosa la kipimajoto chochote, ikageuza kila kitu baada ya siku kadhaa. Ndiyo maana utabiri wa kesho na kesho kutwa unaaminika vizuri, wa siku ya kumi ni wa kubahatisha, na anayekwambia leo kwamba tarehe fulani mwezi ujao itanyesha saa fulani, huyo sasa ndiye wa nguzo za umeme.

Utabiri wa msimu ni kitu kingine. Ule unakwambia msimu kwa ujumla unaelekea kuwa wa juu ya wastani au chini ya wastani. Haukwambii siku ya kupanda. Watu wanachanganya hizi mbili kila mwaka, halafu wanagombana.

Msidhani tatizo hili ni la sisi walalahoi. Wenzetu wa nchi za baridi wana kimbembe chao, theluji. Sisi barafu tunaijua ya kwenye friji na ile ya kilele cha Kilimanjaro kwenye kalenda, lakini kwao ikidondoka usiku mmoja inafunga mji. Januari 2015, New York iliambiwa ijiandae kwa theluji ya sentimita sitini na kuendelea. Gavana akafunga mpaka treni za chini ya ardhi, jambo ambalo halikuwahi kufanyika kwa sababu ya theluji. Watu wakamaliza mikate madukani. Asubuhi ya tarehe 27, katikati ya jiji wakapima sentimita kama 25. Kwao hiyo ni mvua ya rasharasha! Mtabiri mmoja wa serikali, Gary Szatkowski, aliyehudumia maeneo ya Philadelphia na New Jersey, akaomba radhi hadharani. Lakini dhoruba yenyewe ilikuwepo. Ilisogea kidogo tu mashariki. Kilomita themanini hivi kutoka hapo, Long Island, watu walifukiwa na sentimita zaidi ya sitini, zile zile zilizotangazwa. Tajiri wa dunia nzima, na kompyuta zake zote, kakosea kwa umbali wa safari ya basi dogo.

Sasa, kusogea kidogo ndiko kulikotuokoa sisi, na ndiko kulikotuharibia tabia. Mnakumbuka Aprili 2019, kimbunga Kenneth. Hicho sitakiacha haraka.

Ilikuwa wiki chache tu baada ya kimbunga Idai kuusambaratisha mji wa Beira, Msumbiji, katikati ya Machi, kwa hiyo watu walikuwa na hofu ya kweli. TMA wakatangaza kwamba kimbunga kingine kinakuja, na Mtwara imo. Kilipita Ngazidja usiku wa tarehe 24. Tarehe 25 Mtwara shule zilifungwa, watu wakaambiwa wakae mahali salama. Huku kwetu, mbali na bahari, watu waliziba madirisha, waliingiza mbuzi ndani, walifunga mabati kwa kamba. Wengine walilala kwa watani wao wenye nyumba za tofali za kuchoma. Kila mtu anangoja.

Kikaja? Hakikuja. Upepo kiasi, mvua kiasi. Kesho yake asubuhi mitaani ilikuwa ni vicheko. Watu wakawa wanasalimiana "Kenneth kakuachia bati?" Vijana wakatunga utani wa kila aina. Mpaka leo ukimwambia mtu wa huku kwamba TMA wametoa tahadhari, atakujibu kwa jina moja: Kenneth. Maana yake ni uzushi, kutishana bure.

Lakini Kenneth alifika. Alitua jioni ile ile ya tarehe 25 katika jimbo la Cabo Delgado, kusini ya Ruvuma, kama kilomita mia mbili hivi kutoka Mtwara mjini. Upepo wake ulikaribia kilomita 220 kwa saa ulipokuwa unafika nchi kavu. Kisiwa cha Ibo nyumba nyingi zililala chini, Macomia ikaharibiwa vibaya, mji wa Pemba ule wa Msumbiji ukajaa maji. Watu zaidi ya thelathini walikufa kule peke yake, ukiacha wa Komoro. Na Cabo Delgado ni nani? Ni Wamakonde wa Mueda, ni Wamakua, ni shangazi na wajomba zetu. Nusu ya familia za Newala zina mtu ng'ambo ya mto. Wakati sisi tunachekeana barabarani kwamba redio imetudanganya, kuna watu wa damu yetu walikuwa wanatafuta watoto wao kwenye matope.

Kwangu mimi hicho ndicho kitu kibaya zaidi kwenye mjadala wote huu. Tunasema "hakikuja" kwa sababu hakikuja kwetu. Ukichora mstari wa safari ya kimbunga kinachotoka mbali baharini, kosa la kilomita mia mbili siyo uongo, ni unywele. Mtabiri aliyeiambia Mtwara ijifiche alikuwa sahihi kuliko sisi tuliomcheka. Angenyamaza, halafu mstari ukapinda kaskazini badala ya kusini, leo tungekuwa tunasoma majina.

Na vimbunga huku kwetu siyo hadithi. Wazee wa Lindi wanayo habari ya kimbunga cha Aprili 1952 kilichopiga pwani yao. Unguja kilipiga Aprili 1872, kikang'oa mikarafuu. Havitokei kila mwaka, ndiyo sababu kila kizazi kinadhani ni uzushi mpaka kimkute.

Miaka mitano baada ya Kenneth akaja Hidaya, Mei 2024. Mei! Mwezi ambao kila mkulima anajua mvua imeshaaga. TMA walitoa taarifa siku kadhaa kabla, na najua wengi walioitikia kwa lile lile la Kenneth. Usiku wa tarehe 3 kuamkia 4, kituo cha Mtwara kilipima milimita 75 ndani ya saa sita, wakati wastani wa mwezi mzima wa Mei pale ni milimita 54. Yaani mvua ya mwezi na nusu hivi kabla jogoo hajawika. Kimbunga chenyewe kiliisha nguvu Mafia, lakini barabara ya Dar ikakatika maeneo ya Somanga, kule Kilwa, na sisi wa kusini tukabaki kama kisiwa. Njia iliyobaki kwenda Dar ilikuwa kuzungukia Tunduru, Songea na Iringa. Nyanya kutoka juu zikapanda bei, waliokuwa na wagonjwa wa rufaa wakachanganyikiwa. Mara hii hakuna aliyecheka, lakini pia sikumsikia yeyote akisema "ala, kumbe walisema kweli". Utabiri ukikosea una jina, ukipatia hauna mwenyewe.

Kuna na upande wa pili, wa kukata shaka kwa kinywa cha mkubwa. Kenya, mwaka 2023, wataalamu walikuwa wametabiri mvua za juu ya wastani kwa ajili ya El Niño. Mwanzoni mwa Oktoba Rais Ruto akawaambia wananchi kwamba utabiri umebadilika, ile El Niño ya kuogofya haitakuwepo. Watu wakapumua. Novemba mafuriko yakaja, na waliokufa walipita mia moja. Mtabiri mwenyewe akisema "huenda", mwanasiasa anasikia "hapana" na mkulima anasikia "ndiyo". Wote wawili wamelitupa lile "huenda", ambalo ndilo lilikuwa na thamani.

Basi mimi nina ombi kwa wenye redio zetu, hasa hizi za mikoani. Msomee mtu mstari wote. Kama wataalamu wamesema maeneo machache, lirudie hilo neno mara mbili, hata kama muziki unasubiri. Kama uwezekano ni wastani, waambie wastani, tena mfafanue kwa mfano wa karata, watu wazima hawa wataelewa. Na kwa halmashauri zetu: kipimamvua ni kitu rahisi mno, ni mkebe na rula. Kila shule ya msingi ikiwa nacho, mwalimu na watoto wakaandika kila asubuhi, baada ya miaka michache tungejua mvua ya Lulindi inatofautianaje na ya Chiungutwa, badala ya kugombana kwa kumbukumbu za kahawa. Wataalamu nao wangepata macho mengi zaidi ya waliyonayo.

Wazee wetu wana dalili zao na mimi sizidharau. Dudumizi akilia, mwembe ukichanua sana, upepo wa kusi ukiachia kaskazi kwa namna fulani, wanasoma. Lakini muulize mzee wa kweli, hakwambii "kesho itanyesha". Anakwambia "dalili ipo". Angalia, anazungumza kama TMA kabisa! Tofauti ni kwamba mzee hatumtukani.

Mjomba wangu yeye siku hizi ana mtindo wake. Mbegu anaigawa mafungu matatu. Fungu moja anapanda mvua ya kwanza, la pili akiona mvua imerudi ndani ya wiki, la tatu linakaa kwenye dumu chini ya kitanda mpaka Desemba katikati. Korosho kanunua turubai kubwa, anaanika karibu na mlango. Redio anaisikiliza kila jioni na kalamu mkononi. Shangazi anamcheka kwamba anaandika kama karani wa mahakama. Jana jioni aliandika "maeneo machache" akaweka alama ya kuuliza mbele yake, kisha akamtuma kijana akafunike korosho, na asubuhi yeye mwenyewe akachukua jembe akaenda shamba.

Nimeambiwa hapa naandika kuna mawingu upande wa Nachingwea, na kuna mtu ameshaanza kubishana nje. Wiki ijayo, Mungu akipenda, bwana harusi wa Chikundi. Mahari alilipa nusu.